Kwa Nini Nilimng'ata Mwalimu Nanga

Chumba cha uani, nyumbani.
Jumatano asubuhi, 11 Juni.

Mpendwa mwanangu, binti wa dada yangu,

Marahaba, mama. Salamu ulizompa dada yako aniletee zimefika zote, nami nakurudishia na nyongeza juu. Mgongo wako unasemaje? Nasikia bado unawanyanyua wale wazee wa watu kutoka kitandani hadi bafuni peke yako. Usifanye hivyo. Piga goti, nyanyua kwa mapaja, na kama mwenzako hajafika msubiri, hata msimamizi akikukunjia uso. Na baridi ya huko imelegea? Unakula chakula cha moto, au ni ule mkate wako wa kusimama?

Mimi roho ni nzima. Mwili ni habari nyingine. Miguu imejaa maji. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki pale pale likinitazama. Daktari wangu, yule aliyezoea kunifokea kwa ajili ya chumvi, safari hii hakunifokea. Aliniuliza napenda kula nini. Daktari wa moyo akianza kukuuliza unapenda kula nini, ujue ameshafunga jalada. Sinung'uniki. Chumvi nimeila ya kutosha, ya mezani na ya miaka.

Ila siwezi kuondoka na jambo nililonalo tumboni. Mwenzako wa kazi aliyekuja likizo anarudi kesho, na amekubali kunibebea barua hii. Ndiyo maana naandika kwa mkono wangu badala ya kumwomba dada yako akutumie ujumbe kwa simu. Yeye mwenyewe halijui. Utauvumilia mwandiko.

Najua umeiona ile video. Nani hajaiona? Mzee aliyevaa koti la suti anapanda kwenye mkeka wa judo na viatu vyake, anapiga magoti, anamng'ata mtu mkono. Watu wanaangua kicheko. Meno ya bandia yananing'inia kwenye mkono wa nguo. Basi, video imeisha. Dada yako aliniambia ulilia ulipoiona, ukauliza kama akili zimeanza kuniruka. Akili ninazo zote, mama. Meno ndiyo si yangu. Nilimng'ata yule mtu nikijua ninachofanya, na ningekuwa na meno yangu ya ujana ningemng'ata vizuri zaidi.

Lakini video haina mwanzo, na mwanzo wake ni mimi.

Unakumbuka jinsi kocha wa binti yako Kiberiti, yule fundi friji anayewafundisha watoto judo kwenye ghala la nyuma ya karakana yake, alivyokuja akihema na habari kwamba Mwalimu Nanga anakuja mjini kufundisha semina. Mkongwe wa wakongwe. Na kwamba huwa anachagua watoto wachache kwenda kuishi na kujifunza kwenye chuo chake. Wewe ulisita. Ulisema binti bado mdogo, nawe uko mbali. Mimi ndiye niliyekupigia simu nikakuambia kwamba nilimshangilia Nanga tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, kwamba mimi mwenyewe nimecheza mchezo huu hadi nyonga iliponikatalia, na kwamba ukimkabidhi mtoto kwa mtu kama yule utalala usingizi. Ukanijibu, "Sawa, Mjomba, kama wewe umesema." Maneno hayo yananiwasha mpaka leo kuliko upele.

Nikaenda na Kiberiti. Semina ilikuwa kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi. Mikeka ya kijani imeunganishwa ukuta hadi ukuta, viatu vimepangwa mlangoni kama wanafunzi mstarini, wazazi wamejazana kwenye mabenchi, kila mmoja ameinua simu. Nanga akaingia: mfupi, mpana, masikio yamekunjamana kwa miaka ya kusuguliwa, kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye ukosi.

Sitamnyima haki yake. Siku ya kwanza alifundisha kuanguka, na sijawahi kuona mtu wa umri ule akianguka vile. Alianguka kama nguo inayoteleza kutoka kwenye kamba. Aliwachekesha watoto. Aliwaita wanangu. Nilirudi nyumbani nimejaa sifa, nikamwambia dada yako, "Umeona? Mzee wenu bado ana jicho." Nalikumbuka jicho hilo na natamani kulitoa.

Siku ya pili ikawa ya kabari na kufunga viungo. Wewe hujacheza judo, kwa hiyo nikueleze kitu kimoja tu, maana bila hicho utamwona mjomba wako ni kichaa. Mtu akikufunga kiwiko au akikukaba shingo, na ukaona yametosha, unagonga. Unapiga mkeka au mwili wake kwa kiganja, pa pa, naye anaachia. Hapo hapo. Hakuulizi kwa nini, hakuambii bado. Mtoto hufundishwa kugonga kabla hajafundishwa kufunga. Si huruma ile, wala si adabu. Ndiyo mchezo wenyewe. Ukiitoa, kinachobaki ni mtu mwenye nguvu kumuumiza asiye nazo, na kwa hilo hakuna haja ya kununua sare nyeupe.

Sasa Mwalimu Nanga ana hekima yake. Alisimama katikati akasema, "Mnajua kwa nini wananiita Nanga? Kwa sababu nikishika siachii!" Watu kicheko. Kisha akasema mkono ukigonga, huyo ni mwoga wa ndani yako anayegonga, na yeye hamsikilizi mwoga. Yeye anamsubiri bingwa. Akaita vijana wenye mikanda ya juu, mmoja mmoja. Walilala, akawafunga, wakagonga, naye akaendelea kushikilia huku akihutubia, kama mtu aliyeegemea meza. Walipoachiwa walisimama na machozi, wakainama, wakasema asante, Mwalimu. Na wazazi wakapiga makofi. Makofi, mwanangu!

Nilijiambia hao ni vijana wakubwa, wana mdomo. Nikakaa kimya. Na hilo pia uliandike kwenye hesabu yangu.

Kisha akamwita Kiberiti.

Akamlaza, akaubana mkono wake katikati ya mapaja yake, kiwiko kikiwa juu, akajilaza nyuma kidogo. Kiberiti akagonga. Pa pa. Nanga akaendelea kusema na watu: "Huyu ana moyo! Mnaona? Hata sauti hatoi." Kiberiti akagonga tena, safari hii kwa mguu. Nikamtazama fundi friji. Alikuwa anazichunguza kucha za miguu yake. Nikamtazama mama mmoja jirani yangu kwenye benchi. Alikuwa anasogeza simu apate picha nzuri.

Nikasimama. Unajua ninavyosimama siku hizi, ni kazi ya mkutano mzima. Nikashika fimbo, nikaelekea kwenye mkeka, sikuvua viatu.

Na hapo ndipo ukumbi ulipopiga kelele. Sikiliza vizuri, mama, maana hasira yangu inakaa hapa. Kwa watu wa mchezo huu, kukanyaga mkeka kwa viatu ni tusi lisilotamkika. "Viatu, mzee! Viatu!" Wazazi walisimama. Vijana waliotoka kulizwa dakika chache nyuma walinikimbilia wakinionyesha miguu yangu. Fundi friji naye akapata sauti ghafla: "Babu, viatu jamani, unatuaibisha!" Mtoto amegonga mara mbili, ukumbi mzima kimya. Soli yangu imegusa mkeka, ukumbi mzima umechafuka. Nimekaa kwenye kiti cha hakimu sehemu kubwa ya maisha yangu, nimeona watu wakichukia kitu kisicho cha kuchukiwa, lakini sijaona kama siku ile.

Nanga hakubabaika. "Karibu, babu! Umekuja kuchukua mkanda wako?"

Kicheko.

Nikapiga magoti pembeni yake, nikamgonga begani mara mbili, kama mlezi anavyoruhusiwa kugonga kwa niaba ya mtoto. Nikamwambia, "Amegonga, Mwalimu. Achia."

"Amegonga mkono, babu. Moyo bado." Na akaegemea nyuma kidogo zaidi, ili watu waone.

Kiberiti hakulia. Alitoa pumzi nyembamba, kama tairi linalovujia kwenye kiraka. Mikono yangu siku hizi haiwezi kufungua hata chupa ya maji. Kifundo cha mkono wa Nanga kilikuwa mbele ya mdomo wangu. Basi.

"Ananing'ata! Huyu mzee ananing'ata! Mtoeni!" Na sasa nikuambie ambacho video haikuonyesha, kwa sababu wote walikuwa wanarekodi uso wangu. Mwalimu Nanga, asiyemsikiliza mwoga, alimwachia mtoto, akaupiga mkeka kwa kiganja chake. Pa pa. Aligonga, mwanangu! Nami nikaachia hapo hapo. Yaliyobaki pale ni meno, na meno hayakufundishwa judo.

Tulirudishwa nyumbani kwenye gari la fundi friji, tumebanwa kati ya mitungi ya gesi. Kiberiti alikuwa ameukumbatia mkono wake, kiwiko kimevimba hakinyooki. Nikamuuliza unaumaje.

"Hauumi. Babu, umeniaibisha mbele ya watu wote."

"Kama hauumi, mbona uligonga?"

Akasema, bila kunitazama, "Ukigonga si lazima aachie. Yeye ndiye anayejua."

Hilo ndilo lililonivunja, si kile kicheko. Kiwiko kitapona, dada yako amekifunga vizuri na daktari wa mifupa amekiona. Lakini sentensi ile naijua. Nimeisikia kizimbani kwa vibarua, kwa wake za watu, kwa watoto waliopigwa na walezi wao: yeye ndiye anayejua. Wao walichukua miaka kuifikia. Nanga alimfundisha binti yako asubuhi moja, akitabasamu, na mimi nikiwa nimelipigia debe jina lake.

Wanasema hasira hasara. Sawa. Lakini hasara ya nani?

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana yote hayo ungeyasikia hata bila mimi.

Wiki iliyofuata fundi friji alikuja nyumbani. Dada yako alikuwa kwenye duka lake la dawa, Kiberiti shuleni. Nilikuwa barazani peke yangu, miguu juu ya stuli. Akanisalimu kwa heshima zote, akaniambia Mwalimu Nanga amenisamehe. Amenisamehe! Kwamba nafasi ya Kiberiti bado ipo. Kwamba familia iseme tu hadharani kuwa mzee anaumwa akili, ili jina la Mwalimu lisafike. Na kwamba anataka jibu la mama mtu siku hiyo hiyo, kwa sababu kuna mtoto mwingine anasubiri.

"Mama yake si alishakubali?" akaniuliza.

Nikamjibu, "Amekataa. Nimezungumza naye jana. Anasema mtoto haendi."

"Mama mwenyewe?"

"Mama mwenyewe."

Akatikisa kichwa, akanitazama kwa huruma, akaondoka. Nafasi ikapewa huyo mtoto mwingine.

Ndiyo hiyo, mwanangu. Hukukataa chochote. Hukuulizwa. Nilikusemea. Mimi niliyewaapisha mashahidi, niliyekuwa nawauliza kwa ukali, "Nani amekutuma useme haya?", nilitoa ushahidi wa uongo kwa mdomo wako, kwenye baraza ya nyumba ulimozaliwa.

Kwa nini sikusema ni mimi ninayekataa? Kwa sababu neno langu lilikuwa limeshaanguka. Nani anamsikiliza mzee wa kwenye video? Neno lako lilikuwa limesimama, nikalichukua. Mwizi haibi kilichooza.

Dada yako aliipata habari kwa fundi friji, naye anaamini ulikataa bila kumshirikisha, ndiyo maana amekuwa mkavu kwenye simu kama karatasi ya msasa. Na Kiberiti hapokei simu zako. Wewe umekuwa ukisema labda ni mtandao, labda ni mitihani, labda ni umri. Si mtandao. Anaamini mama yake, kutoka huko mbali, alimfungia mlango bila hata kumuuliza. Nimekaa nyumba moja na kinyongo hicho, nakiona kikiwekwa mezani kila jioni na sahani, na nikanyamaza. Ningekufa hivyo, binti yako angekichukua hadi uzeeni mwake. Kung'ata sijutii hata chembe. Hili najutia, na nina hasira nalo kuliko nilivyo na hasira na Nanga, maana Nanga simjui, mimi najijua.

Leo asubuhi, kabla hajaenda shule, nilimwita Kiberiti chumbani. Nikamwambia mama yako hakukataa. Ni mimi.

Alisimama na begi mgongoni. "Kwa hiyo mama alikubali?"

"Alikubali kwa sababu mimi nilimwambia akubali. Kisha nikakataa kwa jina lake. Yeye hajui lolote."

Nilitegemea alie. Hakulia. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akasema, "Na mimi je? Kwani mimi nilikuwa wapi?"

Nikainamisha macho kama mshtakiwa. Hakimu mzima.

"Mwalimu anasema moyo wangu bado. Wewe unasema mama amekataa. Mama anasema kama Mjomba amesema. Wote mnanisemea! Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, Kiberiti, wewe unatakaje?" Sauti ilipanda hadi nikasikia dada yako akiuliza jikoni kuna nini. "Nilimtukana mama yangu moyoni siku zote hizi, Babu. Kwa ajili yako."

Nikasema, "Nisamehe."

"Sijui," akasema. "Usiniharakishe." Akafika mlangoni, akageuka. "Nampigia mama Jumapili, siku yake ya kupumzika. Na wewe usije ukakaa pale karibu ukaanza kunisahihisha."

Akaubamiza mlango hadi picha ya bibi yake ikainama ukutani. Bado imeinama. Sina nguvu za kuinyoosha, na sidhani kama nataka.

Mwanangu, Jumapili pokea hiyo simu. Atakuja na hasira, mwache aimalize yote. Usinitetee. Usijitetee nawe, ingawa huna kosa. Usimwambie mzee anaumwa. Muulize anataka nini, kisha unyamaze, hata akichelewa kujibu ukadhani simu imekatika. Akisema anataka kwenda kwa Nanga, nafasi inaweza kuombwa tena, na ninyi wawili ndio wa kuamua. Mimi kura yangu nilishaipiga kwa meno, sina nyingine. Lakini ukisikia anakuambia "yeye ndiye anayejua", uliza kwa upole, "Na wewe unajua nini?" Usiondoke kwenye swali hilo mpaka ajibu mwenyewe.

Dada yako nitamweleza mchana akirudi kula. Atanifokea, na atakuwa na haki. Barua hii ikikufikia, atakuwa ameshakupigia kwa sauti yake ya zamani.

Nisalimie wale wazee unaowaogesha, hasa yule mkorofi anayekutupia vijiko. Mwambie kuna mwenzake huku. Wasalimie na majirani zako wa ghorofani, na huyu rafiki yako mwema aliyenibebea barua. Mpe chai nzito, amesikiliza malalamiko yangu saa nzima bila kutazama simu. Kama hatutaonana tena, na naona hatutaonana, basi Mungu akuwekee watu wanaoachia unapowaambia yametosha, nawe uwe hivyo kwa binti yako.

Ni mimi nikupendaye, niliyekusemea bila ruhusa yako,

Mjomba.